Seli haikumbi maji: LRRC8A, pICln na vitabu viwili visivyopatana

SWALI: Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari kisiwani Lamu. Kila nikifika kwenye osmosisi, wanafunzi huuliza kwa nini seli za mwili hazipasuki mtu akinywa maji mengi. Huwa nawajibu kwamba kuna protini inayokumba maji nje ya seli, kama baharia anavyokumba ngama, maji yaliyoingia chomboni, kwa upo, kata yake. Sasa kitabu changu cha chuo kinasema protini hiyo ni pICln, na nikitafuta mtandaoni naona LRRC8A. Ipi ni ya kweli? Na ikiwa seli zina kinga hii, mbona seli nyekundu za damu hupasuka kwenye maji matupu? Mwisho, kuna jaribio ninaloweza kufanya darasani bila maabara ya maana?

JIBU: Mwalimu, tuanze na baharia wako, maana yeye ndiye anayevuruga mengine yote. Mfano unavutia, lakini umeelekea kinyume. Katika seli ya mnyama hakuna protini inayokumba maji. Hakuna hata moja. Maji hupita kwenye utando yenyewe, mengine kati ya mafuta ya utando, mengi zaidi kupitia matundu yaitwayo akwaporini, na hufuata upande wenye chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka kwa wingi zaidi. Seli iliyovimba ikitaka kurudi katika ukubwa wake hutupa vile vilivyoyeyuka, na maji huvifuata nje bila kusukumwa na yeyote. Kwa hiyo LRRC8A si upo. Ni tundu la kutolea chumvi na vitu vidogo vingine.

Tuweke namba. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina milosmoli (kipimo cha jumla ya vyote vilivyoyeyuka) kati ya 275 na 295 kwa kila kilo ya maji, na sodiamu yake iko kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ndani ya seli sodiamu ni kidogo, potasiamu ndiyo iliyotawala, karibu milimoli 140. Pande zote mbili jumla inalingana, na ndiyo maana seli imetulia. Teremsha jumla ya nje hadi 200 hivi, maji yataingia na seli itavimba katika muda mfupi sana. Kisha, kwa dakika kadhaa mpaka nusu saa, seli hai itapungua yenyewe ingawa maji ya nje bado ni yale yale mepesi, yaani yenye vilivyoyeyuka vichache. Kupungua huko ndiko ulikokuwa ukikueleza kwa mfano wa ngama.

Kinachotoka ni vitu vitatu hasa: potasiamu, kloridi, na molekuli ndogo za kikaboni kama taurini. Potasiamu ina chaji chanya na kloridi ina chaji hasi, na hapa wengi huteleza. Haitoshi kufungua tundu la kloridi peke yake. Kloridi chache zikishatoka, umeme wa utando hubadilika na kuzizuia zilizobaki. Lazima potasiamu itoke sambamba, kupitia chaneli (matundu ya utando) zake nyingine kabisa. Ukiziba chaneli za potasiamu, seli hubaki imevimba hata kama LRRC8A iko wazi. Mwanafunzi akikuuliza ni protini gani inayorudisha seli katika ukubwa wake, jibu sahihi ni kwamba kazi hiyo hufanywa na protini kadhaa kwa pamoja, na LRRC8A ni sehemu ya upande wa chaji hasi.

Sasa ugomvi wa vitabu vyako. Mkondo wa kloridi unaoamka seli ikivimba ulipimwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na watafiti wakauita VRAC. Waliujua kwa tabia zake: hupitisha ayodidi kwa urahisi kuliko kloridi, hupitisha umeme mwingi zaidi kwa kwenda upande mmoja kuliko mwingine, na huchukua dakika kadhaa kufikia kilele. Protini iliyoubeba ndiyo iliyowapiga chenga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1992 pICln ilitangazwa kuwa ndiyo yenyewe. Mwaka huo huo wengine walitaja P-glaikoprotini, ile inayotoa dawa nje ya seli za saratani. Mwaka 1997 ikaja ClC-3. Zote tatu ziliangushwa na vipimo vya baadaye. pICln, ambayo jeni yake ni CLNS1A, haikai hata kwenye utando kama chaneli inavyopaswa kukaa: kwa sehemu kubwa iko katika maji ya ndani ya seli, na kazi yake inayokubalika leo ni kusaidia kuunganisha vipande vya mtambo unaokata na kuunga RNA. Kitabu chako hakikudanganya. Kiliandikwa wakati wazo hilo likiwa hai, na jina lenyewe limebaki na alama ya kloridi ndani yake ingawa cheo kimevuliwa.

LRRC8A ilipatikana mwaka 2014, na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: moja la Ardem Patapoutian huko California, ambalo Zhaozhu Qiu alikuwa mwandishi wake wa kwanza, na lingine la Thomas Jentsch mjini Berlin. Kundi la California liliibatiza protini hiyo SWELL1, kwa hiyo ukiliona jina hilo ujue ni kitu kile kile. Njia waliyotumia inafaa kuelezwa darasani kwa sababu ni ya ujanja na inaeleweka bila hesabu.

Walichukua seli za binadamu zinazofugwa maabara na kuzitia protini ya manjano inayong'aa, iliyorekebishwa ili mwanga wake uzimwe na ayodidi. Seli zikaoteshwa katika visahani vyenye vishimo vidogo vidogo. Katika kila kishimo wakazima jeni moja, jeni baada ya jeni, mpaka wakamaliza jeni karibu zote za binadamu. Kisha wakamimina maji mepesi ili seli zivimbe, na ayodidi ikatiwa. Seli yenye tundu lililofunguka huingiza ayodidi, na mwanga wake hufifia. Kishimo ambacho mwanga umekataa kufifia ndicho chenye habari, maana jeni iliyozimwa pale ndiyo ambayo tundu liliihitaji. Tatizo la njia hii ni kwamba seli iliyokufa, au iliyobanduka kwenye kishimo, nayo hutoa majibu ya ajabu. Ndiyo maana kila jeni iliyojitokeza ilibidi ipimwe tena kwa sindano ya kioo yenye elektrodi ndani, seli moja moja. LRRC8A ilisimama katika vipimo vyote.

Umbo lake: mnyororo wa amino asidi 810, unaopita utando mara nne, na upande wa ndani una mkia mrefu wa vipande vinavyojirudia vyenye leusini nyingi. Minyororo sita hukaa duara na kuacha tundu katikati. Picha za hadubini ya elektroni ya baridi kali, zilizotoka mwaka 2018, zilionyesha kwamba sehemu nyembamba kabisa ya tundu, katika duara la LRRC8A tupu, imezungukwa na arijinini, aina ya amino asidi, ya nafasi ya 103 kutoka kila mnyororo. Arijinini ina chaji chanya, kwa hiyo huvuta vyenye chaji hasi na kufukuza vyenye chaji chanya. Hapo ndipo kloridi inapochaguliwa.

Lakini LRRC8A haifanyi kazi peke yake, na nakuomba usiliruke jambo hili. Ina ndugu wanne, B, C, D na E. Katika seli ya kawaida duara la minyororo sita ni mchanganyiko: A lazima iwemo, na angalau mmoja wa ndugu hao lazima awemo naye. Ukifuta A, mkondo unapotea wote. Ukifuta wale wanne ukabakiza A, mkondo wa kuvimba haurudi. Na ukijaza seli A nyingi kupita kiasi ukidhani utaongeza mkondo, mkondo unapungua, kwa sababu maduara mengi yanakosa ndugu wa kuchanganyika naye. Mtafiti mgeni akikutana na matokeo hayo hudhani amekosea jaribio.

Mchanganyiko huo ndio unaoamua nini kipite. Duara lenye D hupitisha vizuri taurini na molekuli nyingine kubwa kuliko kloridi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba dawa ya saratani iitwayo sisplatini huingia katika seli kwa sehemu kupitia matundu haya yenye A na D, na seli za saratani zilizopoteza moja kati ya hizo hustahimili dawa. Kwa hiyo tundu lililodhaniwa kuwa la chumvi tu linahusika na kama dawa ya mgonjwa itafanya kazi au la. Katika ubongo, seli za astrosaiti, zinazotunza niuroni (seli za fahamu), zikivimba baada ya kiharusi hutoa glutameti kupitia njia hii, na glutameti ikizidi huumiza niuroni za jirani. Kuna mengine ya kinga ya mwili, ila hayo yatatupeleka mbali.

Jeni ya LRRC8A iko kwenye kromosomu ya 9. Jina lake liliingia katika vitabu mwaka 2003, miaka 11 kabla ya yeyote kujua kuwa ni chaneli, kupitia msichana aliyezaliwa bila seli B za kinga. Kromosomu zake mbili, ya 9 na ya 20, zilikuwa zimebadilishana vipande, na jeni hii ikakatika njiani.

Tundu linajuaje kwamba seli imevimba? Ushahidi mzuri ni wa mwaka 2016: protini za LRRC8 zilitolewa kwenye seli zikawekwa katika utando wa mafuta uliotengenezwa, pasipo kitu kingine, na zikafunguka pale chumvi ya upande wa ndani ilipopunguzwa. Hilo linaleta maana, kwa sababu maji yakiingia ndani ya seli, chumvi ya ndani huzimuliwa. Ila usiwaambie wanafunzi kwamba hilo linamaliza kila swali. Kuna hali ambazo tundu hufunguka bila chumvi ya ndani kupungua.

Wapo watakaotoka darasani kwako wakafika Chuo Kikuu cha Pwani au kwingine na kukutana na kipimo hiki chenyewe cha mkondo kwa sindano ya kioo. Wajue mtego wake mkubwa kabla hawajaharibu wiki nzima. Wengi hutengeneza maji mepesi kwa kupunguza chumvi ya nje. Hapo umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, uzito wa maji (wingi wa vyote vilivyoyeyuka) na kiasi cha kloridi, na hutajua mkondo umebadilishwa na kipi. Weka chumvi kidogo tangu mwanzo, tuseme milimoli 90 za kloridi ya sodiamu, ujazie na manitoli (kitu kama sukari, kisicho na chaji) ya milimoli 100 hivi mpaka ufikie milosmoli kama 300. Maji mepesi yawe hayo hayo bila manitoli. Ayoni (chembe zenye chaji) zimebaki vile vile, uzito ndio ulioshuka. Mtego wa pili ni maji ya ndani ya sindano: yakiwa mazito kuliko ya nje kwa milosmoli 20 au 30, seli huanza kuvimba kabla hujaanza kipimo, na utaona mkondo "wa kawaida" usio wa kawaida hata kidogo. Na usisahau ATP, molekuli ya nishati ya seli, ndani ya sindano. Bila hiyo mkondo huu huwa dhaifu au hauji kabisa.

Sasa seli nyekundu za damu. Hapa kuna majibu mawili, na la kwanza ni hesabu tupu. Seli iliyotiwa katika maji matupu inapambana na milosmoli sifuri. Ili ilingane nayo ingebidi itupe kila kilichoyeyuka ndani yake, himoglobini ikiwemo. Hakuna tundu linaloweza kuiokoa seli ya mnyama na hilo. Jibu la pili ni mwendo. Seli nyekundu imejaa akwaporini, na maji huijaza chini ya sekunde moja, ilhali matundu ya kutoa chumvi katika seli yoyote huhesabu kwa dakika. Seli hii ina ujazo wa femtolita 90 hivi, na kwa kuwa ni bapa iliyobonyea katikati, ngozi yake inaweza kubeba karibu 150 ikishakuwa mviringo kamili. Baada ya hapo utando haunyumbuki, unachanika. Ndiyo maana katika chumvi ya asilimia 0.9 iko salama, karibu na 0.5 chache huanza kupasuka, na kufika 0.3 zimekwisha. Vipimo vya LRRC8A havitumii mshtuko wa namna hiyo. Hushusha uzito wa maji kwa robo au theluthi tu, kiasi ambacho seli inaweza kukimudu.

Kwa kuwa pwani yetu ina watoto wengi wenye selimundu, au sikoseli kama wengi waitavyo, mtu atakuuliza kama ni tatizo hili hili. Hapana, ni upande wa pili. Seli zile hupoteza potasiamu na maji kupita kiasi, kwa njia nyingine zisizo LRRC8, zinasinyaa, na himoglobini iliyobanana hushikana upesi zaidi.

Na yule mtu aliyekunywa maji mengi? Kinga yake ya kwanza ni figo, ambazo hukojoa ya ziada kabla damu haijawa nyepesi. Tundu la LRRC8A huingia kazini figo zikizidiwa, kwa mfano mtu ametoka jasho kutwa nzima akafidia kwa maji matupu lita nyingi kwa muda mfupi, sodiamu yake ikaporomoka. Ubongo ndio unaoumia kwanza, kwa sababu fuvu halitanuki. Seli za ubongo hutupa chumvi katika saa za mwanzo na vitu vya kikaboni kwa siku moja au mbili, na uvimbe hupungua. Daktari akikuta hali hiyo imedumu zaidi ya siku mbili, hapandishi sodiamu haraka. Wengi hujiwekea mpaka wa milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24. Seli zimeshatupa akiba yao, na damu ikiwa nzito ghafla zitasinyaa na kuharibu ala za niuroni, yaani maganda yake ya mafuta, katika shina la ubongo. Vile vile na mvuvi aliyekwama baharini akanywa maji ya chumvi: bahari ina gramu 35 za chumvi kwa lita, zaidi ya milosmoli 1,000, seli zinasinyaa, na hapo LRRC8A inatakiwa ibaki imefungwa. Kazi ni ya protini nyingine zinazoingiza sodiamu na kloridi ndani.

Jaribio. Nitakuwa mkweli: huwezi kuonyesha LRRC8A darasani. Unaweza kuonyesha osmosisi, halafu uchore ubaoni tofauti inayoletwa na LRRC8A.

Tumia mbatata, si muhogo, kwa sababu nyuzi za muhogo huleta vipande visivyolingana. Menya vizuri, maana kipande chenye ganda upande mmoja hupinda na kupokea maji kidogo. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 1 kwa 1, vitatu kwa kila kikombe. Tayarisha maji yenye chumvi gramu 0, 3, 6, 9, 12 na 35 kwa lita. Mizani ya jikoni haifai kwa gramu 3. Kaombe kwa sonara, mizani yake husoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu au chini ya hapo. Chumvi ya mawe, ile inayotoka mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, hushika unyevu. Ikaange kwenye sufuria kavu na uiache ipoe kabla ya kupima, la sivyo gramu 9 zako ni 8. Na maji ya kisima usiyatumie bila kuyaonja. Yanayotoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela ni matamu, lakini visima vingi vya mji vimekolea chumvi, na kikombe chako cha "sifuri" kitakuwa na chumvi kabla hujaanza. Maji ya mvua ni bora kuliko yote.

Pima uzito wa kila kipande, kizamishe kwa dakika 40 au saa moja, kitoe, kikaushe, pima tena, kisha hesabu mabadiliko kwa asilimia, si kwa gramu. Kukausha ndiko kunakoharibu majaribio mengi: mmoja anakamua, mwingine anagusa tu, na tofauti hiyo inazidi osmosisi yenyewe. Mteue mwanafunzi mmoja akaushe vipande vyote, kila kipande akiviringishe mara moja juu ya kitambaa. Mstari wa grafu kwa kawaida hukata sifuri mahali fulani kati ya gramu 6 na 12. Vya gramu 35 vitalegea kama kamba.

Kisha waeleze kwamba mbatata ina ukuta wa seli, hivyo haina haja ya kutupa chumvi ili isipasuke. Hapo chora ubaoni mistari miwili ya ujazo wa seli ya mtu iliyotiwa katika maji mepesi. Hizi ni namba za kuchorea tu, si za maabara yoyote. Seli ya kawaida: mwanzo 100, dakika ya 2 ni 130, ya 10 ni 117, ya 20 ni 108, ya 30 ni 104. Seli iliyofutwa LRRC8A: 100, 130, 128, 126, 125. Waulize kwa nini mistari yote miwili inapanda sawasawa. Atakayejibu kwamba kuingia kwa maji hakuhitaji LRRC8A, kutoka kwa chumvi ndiko kunakoihitaji, ameelewa somo.

Kwenye mtihani, hata hivyo, wasiliandike jina hili. Swali la osmosisi la KCSE, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, linataka maji, utando unaochuja, uzito wa myeyuko wa ndani na wa nje, na himolisisi (kupasuka) kwa seli nyekundu. Alama ziko hapo.